Kabla hujamwachia fundi mzizi wa simu

Shule zinapofungwa, mwanafunzi anayesomea Lodwar au Nairobi hurejea kwao Lokiriama na mzigo wa nguo chafu na simu. Nguo ni zake. Simu, kwa hakika, si yake peke yake. Akishafika nyumbani, nafasi ya pili ya laini huchukuliwa na laini ya mama. Mjomba aliye Kitale hutuma pesa za karo kupitia humo. Mzee aliyeuza mbuzi hupokelea bei yake humo, naye hana mwingine wa kumsomea ujumbe ila kijana huyo.

Kijana huyohuyo akipita Lodwar au Kakuma husikia kwa wenzake kwamba simu yake imefungwa, ati haitumii hata nusu ya nguvu zake, na kwamba yuko fundi barazani awezaye kuifungua kabisa. Ataondoa programu zisizotakikana, atazuia matangazo, ataipa kasi. Kazi hiyo huitwa kupiga ruti. Je, ina faida? Ndiyo, tena nyingine ni za kweli kabisa. Je, ina hatari? Ndiyo, na hatari yenyewe aghalabu humwangukia mtu ambaye hakuulizwa.

Kwa msomaji wa mjini ambaye hajafika huko, Lokiriama iko eneo la Loima, magharibi mwa Lodwar, kwenye njia iendayo Moroto nchini Uganda. Wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya mkataba wa amani wa mwaka wa 1973 baina ya Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja, ambao hukumbukwa hapo hadi leo. Mafundi wa simu hawajajaa huko kama walivyojaa Luthuli Avenue jijini Nairobi. Simu ikikataa kuwaka Lokiriama, mwenyewe hungoja gari la Lodwar, na gari lenyewe si la kila saa. Jambo hili tutalirudia, maana lina uzito kuliko linavyoonekana.

Tuanze na maana. Ruti ni neno la Kiingereza lenye maana ya mzizi. Katika kompyuta za mfumo wa Unix, ambao ulianza kuundwa Marekani mwaka wa 1969, hilo ndilo jina la mtumiaji mkuu, yule asiyezuiwa na lolote. Mwaka wa 1991 mwanafunzi mmoja wa Finland, Linus Torvalds, alianza kuunda Linux kwa kufuata mtindo huo. Juu ya Linux ndipo ilipojengwa Android, mfumo unaoendesha simu nyingi tunazouziwa hapa kwetu, zikiwamo Tecno, Infinix, itel na Samsung.

Mturkana ataelewa yaliyobaki upesi kuliko mtu wa ghorofani. Katika awi, yaani boma la Mturkana, ua wa miiba huzunguka wote, lakini ndani yake kila mke ana kibanda chake. Android nayo imepangwa vivyo hivyo. Kila programu hupewa nambari yake na kibanda chake. WhatsApp haiwezi kuingia kwa programu ya benki ikapekua vibuyu. Mchezo wa kandanda hauwezi kusoma jumbe zako za M-Pesa mpaka ubishe hodi, uombe ruhusa, nawe ukubali. Mwenye boma lote ni huyo mzizi. Nambari yake ni sufuri, naye huingia kila kibanda bila kubisha.

Wengi hawajui kwamba mtu aliyenunua simu si mwenye boma. Ni mgeni wa heshima tu. Anapewa maziwa na mahali pa kulala, lakini cheo cha sufuri kilibaki kiwandani. Kupiga ruti ni kukitwaa cheo hicho.

Si sawa na kupiga flashi, ingawa barazani maneno hayo mawili huchanganywa kila siku. Kupiga flashi ni kuipakia simu upya mfumo wake, na fundi akitumia mfumo halisi wa kiwanda kwa simu ya aina hiyo, boma linarudi kama lilivyokuwa siku ya kwanza. Ukienda kwa fundi muulize ni lipi kati ya hayo mawili analokusudia kufanya. Jibu lake litakueleza mengi kuhusu fundi mwenyewe.

Tamaa ya kukitwaa cheo cha sufuri ni kongwe kama Android yenyewe. Simu ya kwanza ya mfumo huo, T-Mobile G1 iliyoundwa na HTC, iliingia madukani Marekani mwezi wa Oktoba 2008. Majuma machache baadaye kikatokea kioja. Jamaa mmoja alikuwa ameizima simu yake na kuiwasha upya, na mpenziwe alipomuuliza kwa nini kanyamaza, akamjibu kwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya kuwasha upya. Lo! Simu ikazima na kuwaka tena papo hapo. Kumbe maneno aliyokuwa akichapa yalikuwa yakipelekwa kisirisiri hadi kwa mzizi, nao ukiyatii kama amri. Google iliziba tundu hilo upesi, lakini habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Tangu hapo umekuwa ni mchezo wa paka na panya.

Hapa Kenya hamu hiyo iliwapata vijana wengi mwaka wa 2011, Safaricom ilipoanza kuuza simu ya Huawei iliyoitwa IDEOS kwa takriban shilingi 8,000. Ilikuwa bei ambayo mwanafunzi wa chuo angeweza angalau kuiota. Lakini nafasi ya kuhifadhi programu ndani yake ilikuwa finyu mno. Ungeingiza programu chache tu, simu ikalalamika kwamba imejaa, hata kama umeitia kadi kubwa ya kumbukumbu. Dawa ilikuwa ruti, ambayo ilimwezesha mtu kuzihamishia programu kwenye kadi.

Siku hizo, ukweli usemwe, ruti ilikuwa na manufaa tele. Kabla ya Android 4.0 iliyotoka mwaka wa 2011, hata kupiga picha ya skrini ya simu yako mwenyewe ilikuwa kazi ya kuhangaikia. Android za mwanzo hazikuwa na herufi za Kiamhari, kwa hiyo Mwethiopia, awe Addis Ababa au kambini Kakuma, aliyetumiwa ujumbe na nduguye aliona vijisanduku vitupu mahali pa maneno. Mwenye ruti aliziingiza herufi hizo mwenyewe, akasoma habari za kwao. Huwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba alikuwa akifanya utundu.

Kuna na joto. Kipimajoto mjini Lodwar hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na simu iliyochomwa na jua huku ikicheza video huchemka ikazima. Mwenye ruti anaweza kuuamuru ubongo wa simu upunguze mwendo, simu ikapoa na betri ikadumu. Mahali ambapo watu huchaji kwa sola, hilo si jambo dogo. Kadhalika anaweza kuzikataza programu fulani zisile bando usiku mwenyewe amelala.

Na faida ambayo mimi naiheshimu kuliko zote ni ya kuirefushia simu maisha. Kiwanda huiletea simu marekebisho kwa miaka michache, kisha huisahau, nayo WhatsApp huacha kufanya kazi kwenye Android kuukuu. Mwaka wa 2009 wajuzi wa kujitolea walianzisha mfumo wao, CyanogenMod, uliozipa simu za kale uhai mpya. Ulipokufa mwishoni mwa 2016, mrithi wake LineageOS alichukua kazi hiyo na angali anaifanya. Kwa haki, kuutumia mfumo wa namna hiyo hakuhitaji ruti yenyewe bali kufungua kufuli la kuwashia simu, lakini ni ndugu wa damu moja na hatari zao zinafanana.

Kwa nini, basi, tusishangilie?

Kwanza, mengi ya hayo sasa yanapatikana bila ruti. Android 6 ya mwaka wa 2015 ilileta njia ya kuiunganisha kadi na kumbukumbu ya ndani katika simu zinazoiruhusu. Android 7 ya mwaka uliofuata ilileta kiokoa bando ndani ya mipangilio ya simu. Herufi za Kiamhari zimo. Programu uliyoletewa na kiwanda na usiyoipenda, mara nyingi unaweza kuizima kwenye mipangilio ikalala usingizi wa pono. Kijana anayelipia ruti leo ili apate mambo hayo amenunua maji mtoni.

Pili, na hili ndilo kubwa, simu imebadilika. Wale vijana wa Marekani waliochezea G1 mwaka wa 2008 walikuwa na nyimbo, picha na barua ndani yake. Wakipoteza, wangelia siku mbili. Sisi tulikuwa tumeanza njia nyingine tangu Machi 2007, M-Pesa ilipozinduliwa. Simu yetu ni benki. Ikaja M-Shwari mwaka wa 2012, simu ikawa pia mahali pa kukopa. Ikaja Fuliza mwaka wa 2019, mtu akaweza kutumia hata pesa asizokuwa nazo. Kwa hiyo mwizi akishika laini na nambari ya siri ya mama yako, hachukui akiba pekee. Anaweza kumwachia mama na deni.

Hebu tutazame jinsi inavyotokea. Simu ikishapigwa ruti huwekwa ndani yake programu ya kukitunza kile cheo cha sufuri. Inayojulikana zaidi siku hizi ni Magisk, iliyoundwa na John Wu wa Taiwan mwaka wa 2016, na kwa kweli ni kazi ya fundi hodari. Programu nyingine ikitaka kuwa mwenye boma, Magisk humwuliza aliyeshika simu: nimpe au nimnyime? Hapo ndipo usalama wote ulipoegemea, kwenye kidole cha kijana wa miaka 17 anayetaka mchezo wake uende kasi. Rafiki amemrushia programu asiyoijua ilikotoka. Inaomba. Anabonyeza ndiyo.

Kuanzia dakika hiyo programu hiyo haihitaji tena ruhusa ya kusoma jumbe. Inaweza kufuatilia vidole vinapogusa skrini, nambari ya siri ikiwamo. Inaweza kujificha mwenyewe asiione. Nayo haijui wala haijali kwamba laini ya kwanza ni ya kijana na ya pili ni ya mama.

Msomaji asidhani natia chumvi. Mwaka wa 2016 wataalamu wa kampuni ya Check Point walieleza habari za programu haramu waliyoiita Gooligan. Ilipoingia kwenye simu kwa kujifanya programu ya kawaida, kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta matundu ya Android za zamani ili iipige simu ruti yenyewe, na kwa njia hiyo ikaingilia akaunti zaidi ya milioni 1 za Google. Ona mambo! Wezi huisaka ruti kwa udi na uvumba, na sisi tunailipia fundi atuwekee tayari.

Benki zinalijua hilo. Ndiyo maana programu nyingi za benki, zikifunguliwa, huuliza kwanza kama simu ni nzima kama ilivyotoka kiwandani. Zikiona mzizi umeguswa hugoma. Wenye ruti wana mbinu za kuuficha mzizi, benki zina mbinu za kuutafuta, na katikati mteja husimama foleni ya tawi la Lodwar kufanya jambo ambalo jana alilifanya kitandani. Simu nyingi za Samsung ni kali zaidi: ukiziwekea mfumo usio wao, alama ya ndani huungua kama fyuzi, mara moja tu, wala hairudi hata ukirejesha mfumo halisi. Atakayeinunua simu hiyo kwako ataweza kuiona alama hiyo, akakupunja bei, na atakuwa na haki.

Sasa nirudi kwenye lile gari la Lokiriama. Kazi ya ruti hufanywa kwa kompyuta na waya, na mafaili yake sharti yawe ya simu ya aina ileile, si ya binamu yake. Faili likikosewa, au umeme ukikatika katikati, simu inaweza kukataa kuwaka kabisa. Mwanafunzi wa Nairobi ataifunga kwenye kitambaa apande matatu hadi mjini, na jioni amerudi. Wa Lokiriama atangoja gari, atalipa nauli kwenda na kurudi, atalala mjini, na fundi atahitaji kupakua mfumo mzima ambao huweza kuzidi gigabaiti 2. Wakati huo wote mzee wa mbuzi hajui kama pesa zake zimeingia.

Na kuna jambo ambalo baadhi ya mafundi hulimeza. Katika simu nyingi za sasa, hatua ya kwanza kabla ya ruti ni kufungua lile kufuli la kuwashia, na kulifungua hufuta kila kilichomo. Kila kitu. Kwa mtu wa Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka wa 1992, au wa makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa mwaka wa 2016, tusipite hapo haraka. Simu yake ndiyo kabati la ukoo. Mna picha za vyeti ambavyo karatasi zake zilibaki nyuma, sauti za jamaa walioko Juba au Mogadishu, na nambari za watu ambao wakipotea hakuna ofisi ya kuwaulizia. Hata chakula kimewahi kupitia kwenye laini: tangu mwaka wa 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwatumia wakimbizi wa Kakuma sehemu ya posho yao kwa laini za Safaricom, mpango ulioitwa Bamba Chakula. Fundi anayeichukua simu ya mtu kama huyo bila kumwuliza kama amehifadhi picha zake pengine, mimi siwezi kumwita fundi.

Tuseme pia lile ambalo hunong'onwa. Si wote wanaoulizia ruti wanaotafuta kasi. Wengine wanatafuta kuondoa kufuli la deni. Mwezi wa Julai 2020 Safaricom na Google zilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mtu alitanguliza shilingi 1,000 kisha akawa analipa shilingi 20 kwa siku. M-KOPA, iliyoanza kwa kukopesha vifaa vya sola, nayo iliingia kwenye simu. Mteja akichelewa kulipa, simu hufungwa kutoka mbali.

Huruma yangu, siwafichi, iko kwa mdaiwa. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya. Shilingi 20 ni chenji kwa mtu wa mshahara, lakini kwa mtu ambaye mifugo yake imekufa ni hesabu nyingine kabisa, na simu hufungwa siku ileile anapoihitaji kuomba msaada.

Hata hivyo ruti haimvushi. Kufuli la deni huwa limefungwa na nambari ya utambulisho wa simu, ile unayoiona ukibonyeza *#06#, na nambari hiyo imo katika kompyuta za mkopeshaji. Fundi anaweza kuliondoa Jumatatu, na simu ikishaonja intaneti likarudi Jumanne. Pesa za fundi zimekwenda, deni liko palepale, na sasa mkataba nao umevunjwa. Fundi akikwambia kwamba basi atabadilisha nambari yenyewe, chukua simu yako uondoke. Sheria ya mawasiliano ya Kenya inaharamisha kuibadilisha nambari hiyo bila idhini ya mtengenezaji. Isitoshe, walioishi nasi mwishoni mwa Septemba 2012 wanakumbuka jinsi simu bandia zilivyozimwa nchi nzima kwa kutumia nambari hizohizo.

Kwa mdaiwa kuna njia ndogo ambayo watu husahau kwa hofu. Simu iliyofungwa haijafunga pesa zako. M-Pesa imefungamana na laini, si na skrini. Itoe laini, itie kwenye simu ya vibonyezo, hata mulika mwizi ya bei ya chini kabisa, kisha bonyeza *334#. Akiba iko, na jumbe mpya zitaingia humo. Kisha piga simu kwa mkopeshaji, ueleze hali yako, uombe muda.

Swali lingine ambalo wazazi huuliza ni hili: nimemnunulia mtoto simu kuukuu, nitajuaje kama ilikwisha kupigwa ruti? Izime uiwashe mbele ya muuzaji. Ikiwa kabla ya kuwaka inatoa onyo kwamba kufuli limefunguliwa na simu haiwezi kuaminika, huhitaji fundi wa kukutafsiria. Tazama kama mna programu iitwayo Magisk, SuperSU au KingRoot. Ingia kwenye duka la programu la Google, kwenye mipangilio yake, sehemu ya maelezo, uone kama simu imethibitishwa. Jaribu pia kufungua programu ya benki yako. Dalili hizi zote zinaweza kufichwa na mjanja, lakini wauzaji wengi si wajanja kiasi hicho.

Ukigundua ina ruti, usitosheke na kile kitufe cha kufuta vyote. Mwaka wa 2020 wataalamu wa Kaspersky walieleza jinsi programu haramu ya xHelper ilivyojipatia ruti katika simu za Android 6 na 7 na kujichimbia ndani ya mfumo, mahali ambapo kitufe hicho hakifiki. Watu walifuta simu zao, nayo ikaota tena kama magugu. Hapo ndipo flashi ya mfumo halisi wa kiwanda inapofaa, na hapo ndipo fundi mwaminifu anapostahili malipo yake. Kabla ya hapo, laini isiingizwe humo.

Na mwanafunzi anayetaka kujifunza? Sitamkataza. Kuna elimu ndani ya kazi hii ambayo haipatikani kwa kusoma kitabu pekee. Kijana aliyewahi kuitia simu ruti kwa mikono yake, ikamgomea, akairudisha, anaelewa mfumo wa kompyuta kuliko aliyekariri, na vijana wa namna hiyo wanahitajika Turkana kama popote. Lodwar sasa ina chuo kikuu kishiriki. Kakuma ina vijana waliojifunza ufundi wa simu kwa kuzifumua tu.

Lakini atafute simu ya kufia sayansi. Kila nyumba inayo moja, iliyopasuka kioo, imelala kabatini pamoja na chaja za simu zilizokwisha kusahaulika. Aitumie hiyo, isiyo na laini ya mtu yeyote ndani yake wala akaunti ya Google anayoitegemea. Aandike jina kamili la aina ya simu kama lilivyo kwenye mipangilio, herufi kwa herufi, maana herufi moja ya mwisho hutenganisha simu inayowaka na isiyowaka. Apakue mfumo halisi wa kiwanda akiwa bado Lodwar, kwenye mtandao wa kasi, auweke kwenye kompyuta kabla ya kugusa chochote. Akimwomba mama simu yenye laini yake kwa kazi hiyo, amweleze kwanza kwa Kiturkana kinachoeleweka kwamba pesa zake zinaweza kuibwa na picha zake kufutwa. Aone kama atapewa.

Na aanze asubuhi betri ikiwa imejaa. Huko kwetu wengi hutegemea sola, na kazi hii ikikatizwa saa moja ya jioni, hadi kesho kutwa huenda simu ikawa ya kuzuilia karatasi zisipeperushwe na upepo.